Spika za Quad ESL za 1957: ni tamu kweli, ila ukizinunua kichwakichwa utalia

Wakuu, nianze na hukumu kabisa ili asiye na muda asisumbuke. Quad ESL, hizi ambazo siku hizi zinaitwa ESL-57, kwa sauti ya mtu anayeimba bado sijasikia spika ya kunifanya nizisahau, na nimekaa mbele ya spika mpya kibao za bei ya kutisha. Ila kama muuzaji hawezi kukwambia paneli (zile sehemu za ndani zinazotoa sauti) zimefanyiwa kazi lini na zimefanywa na nani, we zihesabu ni mbovu hata kama zinapiga, na pesa utakayomtajia iwe ya spika mbovu. Mi mwenyewe saa hizi napima kama nichukue pea moja iliyojitokeza, ndo maana nimeamua kuandika haya yote, labda nikiyaona yamekaa pamoja akili itatulia.

Kwa ambao hawazijui, hizi siyo spika za boksi. Hakuna wufa ya besi, hakuna twita ya sauti za juu, hakuna koni wala sumaku. Ukiziona mara ya kwanza unaweza kudhani ni hita ya umeme imesimamishwa kwenye vimiguu vya mbao, bati la matundu lililopinda kidogo, upana kama sentimita 88, kimo 79 hivi, na lazima uzichomeke kwenye umeme wa ukutani, kila moja na waya wake. Ndani kuna utando wa plastiki mwembamba mno ambao unapewa chaji ya umeme tuli, kama volti 6,000 kwa paneli mbili za besi zilizo pembeni na 1,500 hivi kwa paneli ya sauti za juu iliyo katikati. Mbele na nyuma ya utando kuna sahani zenye matundu, muziki unatoka kwenye amplifaya unapita transfoma unafika kwenye hizo sahani, basi utando unavutwa huku unasukumwa kule na hapo ndo sauti inatoka. Uzito wa utando wenyewe ni kama haupo, kwa hiyo noti ikiisha na wenyewe umesimama, haubaki unajitikisa. Na kwa vile hakuna boksi hakuna pia ule mngurumo wa mbao ambao tumeshauzoea kwenye spika nyingi mpaka tunaona ni sehemu ya muziki.

Aliyezibuni ni Peter Walker, mwenye kampuni ya Quad kule Huntingdon, Uingereza, zikaingia sokoni 1957 na ziliendelea kutengenezwa mpaka miaka ya 1980. Sasa hapa kuna kitu watu wanakipita tu. Mwaka 1957 santuri za stereo zilikuwa bado hazijaanza kuuzwa, zilikuja 1958, kwa hiyo wateja wa mwanzo wengi walikuwa wananunua spika MOJA, ya pili wanakuja kuiongeza baadaye stereo ikishakolea. Maana yake hiyo "pea" unayouziwa leo inaweza kuwa spika mbili ambazo zimepishana miaka, zimekaa nyumba tofauti, moja imepigwa kila siku na nyingine ilikuwa stoo. Kabla ya kitu chochote soma namba za kiwandani (serial) nyuma ya zote mbili. Zikiachana sana siyo lazima ukimbie, ila bei ya pea iliyotoka pamoja usilipe.

Tuje kwenye sauti. Nilizisikiliza kwa ile pea ninayoipima, na muuzaji alikuwa amezichomeka wakati tunaingia mlangoni, jambo ambalo lilinikera kwa sababu spika hizi zinahitaji muda kujaa chaji, na mtu anayeziuza anatakiwa alijue hilo. Dakika za mwanzo ilikuwa sauti ya mbali imefifia, baadae ikaanza kufunguka, halafu akaweka rekodi ya mwanamke anaimba na piano tu, aisee. Yaani unasikia pumzi anavyoivuta kabla ya neno, unasikia pale anapogeuza uso kidogo kutoka kwenye maiki, na siyo kwamba spika inakuonyeshea kwa nguvu kama hizi za kisasa zinazokata masikio, hapana, vitu vipo tu mahali pake. Gitaa kavu, violini, mtu anasoma hadithi, hapo hizi spika hazina mpinzani kwangu. Ngoma za mkono pia zilinishangaza, ile pwaa ya kiganja kwenye ngozi inakuja safi bila kuvimba.

Besi sasa. Ipo na ni safi, lakini inaishia kama Hezi 45 au 50 hivi, chini ya hapo usitafute kitu. Wewe ambaye maisha yako ni sabufa ikitikisa madirisha, kwa moyo mmoja nakwambia achana nazo. Na sauti kubwa hazipendi kabisa. Kuna kiwango ukikipita siyo kwamba zinakwaruza kukuonya, zinapiga cheche ndani, umeme unaruka kutoka kwenye sahani kupita kwenye utando, na paneli ya katikati ndo inatobolewa ya kwanza. Sherehe moja tu, mgeni mmoja amezungusha volyumu, kwisha habari.

Ndo maana amplifaya siyo jambo la pembeni hapa, ni nusu ya manunuzi. Zilipotoka zilikuwa zinaenda na Quad II ya valvu yenye wati 15, na wati 15 zilitosha. Baadae ikaja Quad 303 mwaka 1967, ya transista, wati 45, hiyo ndo wengi wanaishauri mpaka leo na ni ushauri mzuri kwa sababu nguvu yake haiwezi kuziua kirahisi. Quad 405 iliyokuja miaka ya 70 ina wati 100, hiyo bila kufungiwa kidhibiti cha volti usiiunganishe kabisa. Na kuna mtego mwingine, ukinzani wa spika hizi (yaani jinsi zinavyouzuia umeme wa amplifaya) hautulii, kwenye besi unapanda juu sana halafu kwenye sauti za juu kabisa unashuka mpaka karibu omu 2, kuna amplifaya za kisasa zenye sifa kubwa zikikutana na hilo pamoja na tabia ya spika hizi kuwa kama kapasita kubwa (kifaa cha kutunza chaji) zinachanganyikiwa au zinazima. Kwa hiyo jamaa mwenye amplifaya ya wati 200 anayefikiri atazichomeka tu aendelee, ajue anaenda kuuza na hiyo pia. Mafundi siku hizi wanaweza kuongeza saketi ndogo ya kinga ndani ya spika, mi ningeiweka siku ya kwanza.

Sasa ukienda kukagua. Mwambie muuzaji azichomeke kuanzia jana yake, akikataa jiulize kwa nini. Ukifika piga kitu cha mono (sauti ileile kwenye spika zote mbili), mtu anaongea, kaa katikati kabisa. Sauti lazima isimame katikati kama mtu yupo pale, ikivutwa upande mmoja basi upande wa pili umechoka, ama paneli ama kile kitengo cha volti kubwa ambacho dayodi zake zimezeeka na kinatoa chini ya inavyotakiwa. Halafu geuza spika, ya kulia iende kushoto, uhakikishe siyo chumba kinachokudanganya. Punguza muziki mpaka kimya, sogeza sikio karibu na bati (karibu, usishike shike nyuma), ukisikia tsss au tik tik tik bila mpangilio hapo kuna umeme unavuja. Ukiweza zima taa, kwenye giza cheche zinaonekana kwa ndani. Angalia pia kile kiplastiki cha kuzuia vumbi kilicho mbele na nyuma ya paneli, kikiwa kimelegea au kimechanika basi vumbi limeshaingia miaka mingi, na vumbi pamoja na unyevu ndo wauaji wakubwa wa hizi kitu. Bati likiwa na bonde limegongwa, piga tochi uone kama limegusa ndani. Swichi ya kuchagua volti ya umeme wa nyumba hakikisha ipo kwenye volti za nyumba yako, na soketi za waya za nyuma kwenye zile za zamani ni za aina ambayo huikuti kwenye vifaa vya leo, kwa hiyo waya zake zidai pamoja na spika.

Na tafadhali usifungue. Hata ukishachomoa plagi ile chaji inabaki ndani muda, siyo ya kuchezea na bisibisi, mwache fundi anayezijua.

Habari njema ni kwamba mafundi wapo na vipuri vipo, na hii ndo sababu kubwa ya mimi kuzipendelea kuliko wazee wenzake. Ujerumani kuna Quad Musikwiedergabe, Uingereza kuna One Thing Audio, watu wanaozijenga upya paneli moja moja. Linganisha na Yamaha NS-1000M ya 1974, spika kali sana, lakini kuba zake za sauti za kati na za juu ni za beriliamu, mtoto akiingiza kidole huna pa kwenda zaidi ya kutafuta spika nyingine uichinje. Apogee Scintilla nazo, spika za utepe mwembamba badala ya koni, nilizitamani, utepe wake unaimba jamani, ila zinashuka mpaka omu 1 na amplifaya ya kuzibeba hiyo ni mradi mwingine kabisa. JBL Paragon, ambayo ilitoka mwaka huohuo 1957, ni samani moja ya urefu wa kama mita 2.6, sina la kusema, mwenye ukumbi achukue. Na ESL-63, mdogo wake Quad aliyetoka 1981, anavumilia sauti kubwa zaidi kidogo na ana kinga ndani, sauti inaenea vizuri hata usipokaa katikati, tatizo gundi ya paneli zake inaachia kwa umri, kwa hiyo gharama ya fundi iko palepale, na uchawi wa sauti ya kuimba kwa sikio langu umepungua kidogo. Wapo watakaonipinga hapo, sawa tu.

Kuhusu chumba, zinatoa sauti mbele na nyuma sawasawa, kwa hiyo ukizibandika ukutani umeziharibu. Zipe angalau mita moja kutoka ukuta wa nyuma, zaidi ya hapo ni bora. Zinyanyue pia, vile vimiguu vyake vinaziweka chini sana, stendi ya sentimita 30 au 40 inabadilisha kila kitu. Na ukubali kwamba kiti kizuri ni kimoja. Ukisogea pembeni au ukisimama sauti za juu zinapotea, kwa hiyo watu watatu kwenye kochi watabishana nani akae katikati.

Turudi kwa pea yangu. Namba zimepishana mbali, mono ilikaa kushoto kidogo na baada ya kugeuza ikahamia kulia, na swali la paneli lilijibiwa na "zilikuwa za mzee mmoja alizitunza sana", ambalo siyo jibu. Tsss sikusikia, kiplastiki cha vumbi cha mbele kizima, cha nyuma kwenye moja kimelegea. Sauti tayari imenikamata na muuzaji ameiona kwenye uso wangu, hilo siwezi kulibadilisha. Nilichofanya nimeuliza gharama ya kutengeneza paneli zote sita pamoja na vitengo vya volti, nikaongeza usafirishaji maana paneli hazipendi kutupwatupwa, nikaitoa yote kwenye bei ya pea iliyokamilika, kilichobaki ndo nimemtajia. Alicheka. Akibadilisha mawazo nazichukua kesho, asipobadilisha nitatafuta pea iliyokwisha pita kwa fundi yenye karatasi za kazi, hata kama itanibidi kulipa zaidi na kusubiri.