Kuoanisha sauti ndani ya Kdenlive: uzoefu wangu na video za harusi Kisumu

Riziki yangu ni video za harusi na matanga, Kisumu mjini na viunga vyake, mara nyingine hadi Ahero na Maseno. Natumia Kdenlive, programu huria ya kuhariri video ya jumuiya ya KDE. Haidai hata senti, na kompyuta yangu iliyozeeka inaimudu. Hapa nataka kuzungumzia kitu kimoja tu: ile huduma yake ya kuoanisha klipu, yaani vipande vya video au sauti, kwa kusikiliza sauti.

Kwa asiyejua mateso yenyewe: harusi moja ina kamera mbili, simu ya binamu wa bwana harusi iliyonasa jambo tulilolikosa sote, na rekoda iliyochomekwa kwenye miksa ya DJ. Kila kifaa kimeanza kurekodi kwa wakati wake. Halafu kamera yenye kadi ya FAT32 (mfumo wa zamani wa kuhifadhi faili) hukata faili kila inapofika GB 4, kwa hiyo misa moja inakuja vipande vipande. Kuvipanga kwa mkono ni kukodolea macho mawimbi ya sauti na kusogeza fremu moja moja, yaani picha moja moja ya video, mpaka makofi yakutane.

Kdenlive inataka hatua mbili. Unabofya kulia sauti ya rekoda na kuifanya rejea, kisha unachagua klipu nyingine na kuiagiza izioanishe na rejea hiyo. Basi. Ibada yenye mahubiri na viapo hukaa sawa bila mimi kugusa chochote. Angalizo dogo: usiweke rejea mwanzoni kabisa mwa mstari wa muda, pale klipu zinapopangwa. Kamera iliyoanza kurekodi mapema itahitaji nafasi ya kurudi nyuma, na haitakuwa na pa kwenda.

Mambo hubadilika ohangla, muziki wa ngoma wa Waluo, inapoanza. Programu hupima ukubwa wa sauti fremu kwa fremu, kisha hutelezesha klipu juu ya rejea ikitafuta panapofanana zaidi. Katika mahubiri jibu huwa moja, maana mchungaji hatui pumzi mara mbili kwa namna ileile. Lakini ngoma na orutu, ile fidla ya Kiluo ya uzi mmoja, vikizunguka palepale kwa muda mrefu, panapofanana ni pengi, na klipu fupi ya simu inaweza kutua mzunguko mmoja mbele. Siilaumu Kdenlive kwa hilo. Programu yoyote inayotegemea sauti peke yake itababaika hapo, hata mtu mwenyewe akifumba macho atababaika.

Dawa yangu ni kuilisha maneno. Klipu ikiwa na dansi na hotuba pamoja, naikata ibaki hotuba, hata ikiwa ni MC tu anayejaribu maiki, naioanisha, halafu navuta ncha yake kurudisha kile nilichokata. Wapiga picha wenzangu nawaambia waache kamera ikiendelea kati ya wimbo na wimbo, kwa sababu pale ndipo MC anapotania wakwe, na utani wa MC haurudiwi.

Suala la umbali wengi hawalijui. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde. Kwenye sherehe moja pale Dunga, kamera ya pili ilikuwa karibu na lango, ng'ambo ya bustani, tuseme mita 34 kutoka kwa wapiga ngoma. Kamera hiyo inasikia kila pigo sehemu moja ya kumi ya sekunde baada ya kuliona. Programu ikishaoanisha sauti yake na ya rekoda, sauti zimekutana vizuri kabisa, ila picha, iliyovutwa nyuma pamoja na sauti yake, sasa inatangulia. Kwa video ya fremu 25 kwa sekunde, ambapo kila fremu ni milisekunde 40, hizo ni fremu mbili hadi tatu. Kijiti kinagusa ngozi ya ngoma, kimya, ndipo mlio unafika. Shangazi wa bibi harusi alipoangalia kipande hicho kwenye kompyuta yangu aliniuliza, "Mwanangu, huyu anapiga ngoma au anaitisha?" Niliichelewesha picha ya kamera ya mbali kwa fremu mbili mbele ya macho yake, na akaridhika. Sasa huwa nafanya hivyo kila mara kamera inapokuwa mbali.

Kuna pia saa za vifaa. Rekoda na kamera hazihesabu sekunde kwa usawa kamili. Tofauti ya sehemu 50 katika milioni, jambo la kawaida kwa vifaa vya bei nafuu, huzaa milisekunde 180 kwa saa, yaani fremu nne na zaidi. Mwanzoni mwa misa midomo iko sawa, kwenye baraka ya mwisho imeachana. Nakata klipu ya kamera penye kimya, baada ya somo au kabla ya wimbo, na kuoanisha kila kipande peke yake.

Simu nazo hurekodi kwa kasi ya fremu inayopandashuka. Hapa Kdenlive imenifurahisha: ukiingiza faili ya namna hiyo inakuonya na kujitolea kuigeuza iwe ya kasi thabiti. Kubali, hata kama inakula nafasi kwenye diski.

Upepo wa ziwa wa alasiri ni adui mwingine. Maiki ya kamera ikijaa upepo, hakuna cha kulinganisha. Kipande cha sponji juu ya maiki kinatosha. Sauti hiyo haihitaji kuwa nzuri, inahitaji tu kusikika.

Watengenezaji wakinisikia, ningeomba mambo mawili. Kwanza, programu iniambie ina uhakika kiasi gani na pale ilipoiweka klipu, na kama kuna mahali pengine palipokaribia kufanana, inionyeshe nichague mwenyewe. Pili, iniruhusu niiwekee mipaka: tafuta ndani ya dakika mbili kabla na baada ya hapa, usizunguke harusi nzima. Mimi nilikuwepo, najua keki ilikatwa baada ya hotuba ya mzee.