TAHADHARI: Anayepima "mabaki ya dawa ya magugu" minadani kwa vijikaratasi

Wakulima wenzangu, hasa mliopo Karatu na Mbulu, kuna jamaa anazunguka minadani na pikipiki akiwa na vijikaratasi vya njano. Anakoroga udongo wako na maji, anachovya. Rangi ikigeuka ya chungwa, anakuambia shamba lina mabaki ya dawa ya magugu na maharage yatakufa. Hapo hapo anakuuzia mfuko wa unga mweupe "wa kusafisha sumu", shilingi 45,000 kwa ekari.

Nilimpa 90,000 taslimu. Msimu uliopita nilipiga atrazini, dawa ya magugu, kwenye mahindi, safari hii nikataka maharage, kwa hiyo hofu nilikuwa nayo tayari. Nikamwaga unga, nikapanda. Yaliota vizuri mno. Wiki ya tatu majani ya chini yakaanza umanjano pembeni, yakakauka kama yamebabuliwa na moto. Nimepoteza zaidi ya nusu ya shamba.

Alikuwa ameniachia vijikaratasi viwili. Kimoja nikakichovya kwenye maji ya ndimu, kikawa chekundu. Cha pili kwenye maji ya majivu, kikawa bluu. Ni karatasi za kupimia uchachu, zile za maabara ya shule! Atrazini hazioni kabisa. Unga nao nikaudondoshea ndimu, ukatoa povu: chokaa. Na linaloniuma zaidi ni kwamba chokaa hupunguza uchachu wa udongo, na udongo ukipungua uchachu, atrazini huchelewa kuoza.

Mabaki halisi hupimwa maabara, kama ya TPHPA (mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu) kule Arusha. Ila kabla ya kupanda unaweza kujaribu nyumbani bila senti. Chota udongo sehemu kumi za shamba, kina cha sentimita 10, changanya, jaza makopo matatu yaliyotobolewa chini. Mengine matatu jaza udongo wa aina hiyo hiyo kutoka mahali pasipowahi kupuliziwa. Panda maharage matano kila kopo, weka juani, mwagilia sawasawa, subiri wiki tatu kamili.

Tafadhali msikate shauri siku ya kuota. Atrazini haizuii mbegu kuota. Inauzuia mmea kujitengenezea chakula kwa mwanga. Mche unaishi kwa akiba ya mbegu, ikiisha ndipo unaungua. Magugu yanayojiotea humo yaangalieni pia: mchicha pori ukichomoza na kufa kwenye udongo wa shamba, huku kwenye makopo ya udongo usiopuliziwa unastawi, ahirisha maharage. Panda mahindi, yenyewe huvumilia.

Unga uliobaki na vijikaratasi nimempelekea afisa ugani wa kata. Kama na wewe umeuziwa, usiutupe mfuko, na uandike hapa ulikutana naye mnada gani na siku gani. Mimi hakunipa risiti.