Kasha la nakala za vigumba vya mawe: limetengenezwa vizuri, ila limeisahau Afrika

Kasha hili la nakala za vigumba vya mawe, yaani ncha za mawe zilizofungwa kwenye mishale na mikuki ya kale, linalouzwa katika duka la vifaa vya shule hapa Kariakoo, nimelitumia darasani na wanafunzi wa historia, na ninalipendekeza kwa mwalimu yeyote anayetaka wanafunzi wake watambue mitindo kwa kuishika mikononi badala ya kutegemea picha pekee.

Ubora wake mkubwa uko kwenye vitako. Mtu asiyezoea hutazama ncha kwanza, lakini ncha ilichongwa upya kila ilipovunjika, hata kigumba kikafupika na kubadilika umbo. Kitako, kwa kuwa kilikuwa kimefungwa kwenye mpini, aghalabu kilibaki kama fundi alivyokiacha. Aliyetengeneza nakala hizi ameuheshimu ukweli huo. Ile ya Clovis, mtindo wa Marekani wa miaka ipatayo 13,000 iliyopita, ina mfereji unaoanzia kitakoni na kukomea njiani, na kingo zake za chini zimesuguliwa zisikate kamba. Ile ya Folsom, mtindo wa Marekani uliofuata ule wa Clovis, ni ndogo na nyembamba zaidi, na mfereji wake unapanda karibu hadi nchani. Ukipitisha kidole gumba, tofauti unaipata hata ukiwa umefumba macho. Vigumba vidogo vya pembetatu vya Cahokia, mji wa kale wa wenyeji wa Marekani, vyenye pengo kila upande na jingine kitakoni, vimenakiliwa kwa uangalifu uleule.

Kijitabu chake ndicho kinachonisikitisha. Kinaviita vyote vigumba vya mishale, ilhali vya Clovis na Folsom vilikuwa vya mikuki, na upinde ulienea kule baadaye sana. Mwanafunzi alistahili kuelezwa kwamba ukubwa na uzito nao ni dalili.

Zaidi ya hayo, kasha halina hata kipande kimoja cha Afrika Mashariki. Vipande vidogo vya jiwe gumu la kwatzi vyenye umbo la hilali kutoka pango la Mumba, karibu na Ziwa Eyasi, ambavyo mgongo wake ulifanywa butu ili upachikwe kwenye mti, vina kanuni tofauti kabisa: havina kitako cha kusoma, na aliyefundishwa kutafuta mapengo ya pembeni peke yake atavipita akidhani ni vifusi.

Ningelinunua tena. Hata hivyo, mwalimu apange pia siku ya kuwapeleka wanafunzi Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, wakatazame zana za mawe za Olduvai.