Kuuza picha Adobe Stock: nazi imeshinda jahazi

Mwaka wa pili huu nauza picha Adobe Stock, soko la picha la mtandaoni, na siachi. Fungu lako ni asilimia 33 ya mauzo ya picha, na ukifikisha dola 25 unaomba malipo. Si mshahara, jamani, senti zinaingia polepole. Jahazi langu la Lamu, nililolisubiri ufukweni tangu alasiri, halijanunuliwa hata mara moja. Picha za machweo zimejaa tele kule Adobe. Inayonunuliwa ni mikono ya shangazi akikuna nazi kwenye mbuzi, weupe umemganda vidoleni, kifuu kimepasuka ukingoni. Uso wake hauonekani, ila fomu ya ridhaa alitia sahihi. Maneno ya kutafutia yaandike kwa subira. Nilipoongeza “mapishi” na “pwani” kwa Kiingereza, ndipo ikaanza kutoka.