Kengele ya gesi kwenye Hiace ya kulala: inastahili bei yake

Nianze na hukumu: kengele hii naikubali, na gari langu haliondoki Tanga bila yake. Ni Hiace niliyoiwekea vitanda, sinki na jiko la plet mbili, nabebea wageni kwenda Ushongo, Saadani, na Lushoto wakitaka baridi. Mtungi wa kilo 6 umo kabatini, karibu kabisa na mto wa anayelala. Gesi ikivuja usiku kwenye nafasi ndogo vile, haina pa kwenda.

Ni kiboksi cheupe cha volti 12 kinachotambua gesi ya kupikia na kaboni monoksidi (hewa ya sumu itokayo kwenye moto, hapa naiita kaboni tu), Sh 150,000 kwa mtu anayeagiza vifaa kutoka Uingereza. Nilitafuta kwanza maandishi EN 50291-2 mgongoni: ndicho kiwango cha kengele za kaboni za magari ya kulala na boti. Za nyumbani ni EN 50291-1. Tazama na tarehe ya mwisho, maana kitambuzi cha ndani huchoka hata taa ya kijani ikiwa inawaka. Duka moja mjini walinitolea iliyokwisha muda, kwa bei ya mpya!

Fundi umeme wa Ngamiani alitaka kuifunga juu, karibu na feni, ionekane vizuri. Nikamwambia, "Hapana fundi, iteremshe, ikaribie sakafu." Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hushuka na kutuama chini kama maji. Kaboni huchanganyika na hewa yote, kwa hiyo huko chini bado itaikuta. Moshi ndio unaopanda, na kengele yake nimenunua peke yake, ya betri, ipo darini mbali na jiko ili vibua vya kukaanga visiiamshe kila jioni.

Kaboni ndiyo inayonitisha. Gesi ya mtungi imetiwa harufu makusudi, utaisikia. Kaboni haina harufu wala rangi, na inatoka kwenye mkaa. Lushoto mwezi wa saba mgeni atakuomba uingize jiko la mkaa ndani, "makaa yenyewe yameshafifia." Nakataa, hata akiwa mama mtu mzima ninayemwamkia shikamoo. Makaa yaliyofifia bado yanaitoa. Msishangae kengele ikichelewa: kwa kanuni za EN 50291-2, kaboni ya sehemu 50 kwa kila milioni ya hewa huiliza baada ya dakika 60 hadi 90, ikifika 300, ndani ya dakika 3.

Kasoro zipo. Dawa ya mbu ya kupuliza huiliza, kwa kuwa makopo mengi husukumwa na gesi ya jamii ileile, na Saadani bila dawa hulali. Pulizeni mapema, milango ikiwa wazi. Inakula umeme saa zote, hivyo nimeiunga kwenye betri ya pili, si ya kuwashia injini. Kinachoniudhi hasa ni mlio: wa gesi na wa kaboni ni uleule, taa tu ndizo tofauti, na kijitabu chake hakina Kiswahili. Pembeni yake nimebandika karatasi yangu: IKILIA, USIGUSE SWICHI. ZIMA MOTO. FUNGA MTUNGI KAMA UNAUFIKIA. TOKENI WOTE, ACHENI MILANGO WAZI.