Tathmini: Ushauri wa Kazi kwa Waliodumu Katika Nafasi Moja

Huduma ninayoitathmini hapa ni ushauri wa kazi unaotolewa kwa njia ya mtandao kwa watu waliokaa katika nafasi moja kwa miaka mingi bila kupanda cheo. Anayejiandikisha hujaza dodoso, huzungumza na mshauri kwa video, hupewa daftari la mazoezi na mwishowe hutumiwa ripoti. Mimi ni mtunza nyaraka: hupanga majalada ya zamani, huyaandikia orodha na kuyahifadhi katika maboksi yasiyo na asidi, kazi ambayo haimkimbizi mtu. Nilijiandikisha si kwa kuwa nimechoka, bali kwa kuwa nilitaka kujua kama utulivu nilio nao kazini ni kuridhika kwa kweli au ni kubweteka tu.

Dodoso ndilo sehemu dhaifu kuliko zote, kwa sababu karibu kila swali limetungwa kana kwamba anayejibu anatafuta mlango wa kutokea. Unaulizwa ni kitu gani kinakuzuia kusonga mbele, unapewa majibu kadhaa ya kuchagua, na hakuna hata moja linalomfaa mtu asiyezuiwa na chochote.

Mazungumzo na mshauri yalikuwa kitu kingine kabisa. Hakuniuliza nataka kufika wapi. Aliniuliza ni mambo gani katika siku yangu ya kazi ninayaamua mwenyewe. Msingi wa swali hilo, kama alivyonieleza, ni kazi ya mtafiti Robert Karasek, ambaye mwaka 1979 alipendekeza kwamba kazi ipimwe kwa mambo mawili kwa pamoja: uzito wa madai yake, yaani yale ambayo kazi inamtaka mtu afanye, na uhuru alionao mfanyakazi wa kuamua namna ya kuyatimiza. Kwa kipimo hicho, kazi mbili zinaweza kuwa na mwendo uleule wa polepole na bado zikatofautiana sana. Ile yenye madai machache na uhuru mkubwa humpa mtu nafasi ya kupumua, ilhali ile yenye madai machache na uhuru mdogo humdumaza, hata ujuzi aliokuja nao ukaanza kupotea. Kwa maoni yangu, maelezo hayo peke yake yalitosha kuihalalisha ada, kwa sababu yalihamisha swali kutoka kwenye kasi, ambayo ndiyo watu wa nje huiona kwanza, hadi kwenye mamlaka.

Daftari liliendeleza hoja hiyo kwa vitendo. Kwa kila shughuli unaandika nani aliyeiamua na ulijifunza nini. Niliandika, kwa mfano, kuhusu kutoa pini iliyoshika kutu: unapenyeza kipande chembamba cha plastiki kati ya pini na karatasi, kisha unaikunjua taratibu ili karatasi isichanike, na njiani unaamua kama karatasi zile zibaki katika mpangilio aliouacha mwenye karatasi hizo au kama mpangilio huo ulikwisha kuvurugwa na mtu mwingine. Saa zinazoonekana tupu kwa mpita njia ndizo zilizojaa maamuzi. Zilizonidumaza kweli zilikuwa zile za kusubiri saini, na sikuwahi kuzitilia maanani kabla ya kuziona kwenye maandishi. Zoezi linalofuata, la kurekebisha kazi kutoka ndani bila kubadili cheo, linatokana na wazo ambalo watafiti Amy Wrzesniewski na Jane Dutton walilieleza mwaka 2001. Kwangu lilizaa ombi kwa mkuu wangu kwamba niruhusiwe kuwajibu moja kwa moja wasomaji wanaoulizia majalada, naye alikubali.

Ripoti ya mwisho, kwa bahati mbaya, inaelekea imeandaliwa na programu iliyosoma dodoso pekee. Ilinishauri niwanie nafasi ya uongozi haraka iwezekanavyo, yaani niache majalada nikakae kwenye vikao vya bajeti, na haikugusa lolote kati ya yale tuliyoyazungumza na mshauri.

Kasoro nyingine ni nzito zaidi. Daftari halimsaidii mtu ambaye mwendo wake wa polepole haukutokana na hiari, kama vile aliyenyimwa cheo kwa upendeleo au ambaye mshahara wake haukidhi mahitaji. Kumwambia mtu wa aina hiyo atafute ridhaa katika kazi yake ni kumkosea, na huduma ilipaswa kumtenganisha mapema ili apelekwe kwenye chama cha wafanyakazi au kwa mwanasheria.

Kwa mwenye kazi tulivu, mwenye kipato kinachomtosha na anayesumbuliwa zaidi na maswali ya jamaa kuliko na kazi yenyewe, ninaipendekeza huduma hii kwa sharti moja: aombe kuanza na mshauri, achukue daftari, na dodoso alijaze mwisho, kama watamlazimisha kulijaza.