Blow Fly: Dokta Scarpetta kanyang'anywa sauti

Kama unafuata riwaya za Patricia Cornwell kuhusu Dokta Kay Scarpetta, daktari wa kubuni anayechunguza maiti huko Marekani, na hujafika Blow Fly, ishia aya hii, maana siwezi kueleza kilichoniumiza bila kutoboa siri za ndani. Ushauri wangu ni huu: usianze na hiki, hata ukikikuta kwa bei ya kutupa. Vitafute vilivyokitangulia. Mnaobaki, tuendelee.

Nafanya kazi maabara ya patholojia katika hospitali moja hapa Dodoma. Kutwa nashinda na vipande vya nyama vilivyolowekwa kwenye fomalini, nta ya moto, vioo na hadubini. Ndiyo sababu Scarpetta alinikamata mapema. Katika riwaya za kipelelezi nilizokulia, za Willy Gamba na Joram Kiango, mpelelezi ana bastola na ujanja, na maiti ni kitu cha kuanzishia mbio. Nazipenda mpaka leo. Lakini kwa Scarpetta maiti bado ni mtu. Anampima, anamkagua ngozi yote, anaandika, anapeleka sampuli, halafu anasubiri majibu kama tunavyosubiri sisi. Katika Postmortem, kitabu cha kwanza cha mwaka 1990, vinasaba vilikuwa kitu kipya, na sehemu kubwa ya hofu inatokana na kusubiri maabara huku muuaji yuko mtaani. Kuna vumbi linalometameta mwilini mwa waliouawa likimulikwa kwa leza, na kurasa nyingi zinapita kabla hujajua ni la nini. Mtu asiyejua kazi hii asingeweza kuandika vile. Patricia Cornwell aliifahamu: alifanya kazi miaka kadhaa katika ofisi ya uchunguzi wa vifo ya jimbo la Virginia, mjini Richmond, upande wa maandishi na kompyuta, na kabla ya hapo aliripoti habari za uhalifu gazetini huko Charlotte. Kitabu kile kilizoa tuzo ya Edgar, ya Anthony, ya Macavity na ya John Creasey, na kilistahili zote.

Tangu hapo hadi The Last Precinct cha mwaka 2000 ni vitabu kumi na moja, na vyote vinasimuliwa na Scarpetta mwenyewe. "Mimi" wake ndiye aliyetubeba. Alichojua tulikijua, asichokijua hatukukijua. Akiingia mochwari usiku tuliingia naye, akirudi nyumbani kukanda unga wa piza ili mikono isahau ilikotoka, tulikaa naye jikoni. Mpenzi wake Benton Wesley wa FBI, askari Pete Marino mwenye mdomo mchafu na moyo mkubwa, Lucy mtoto wa dada yake, wote tuliwaona kwa macho yake tu.

Blow Fly, cha mwaka 2003, kimeliondoa hilo. Sasa ni "yeye". Scarpetta anaingia kama wengine wanavyoingia, sura fupi fupi, halafu anatoka, tunahamia kichwani mwa Marino, mwa Lucy, mwa mhalifu Jay Talley aliyejificha Louisiana, mwa muuaji Jean-Baptiste Chandonne anayesubiri adhabu ya kifo gerezani Texas. Ukurasa wa kwanza ulinipa matumaini: Scarpetta ameshika kichupa karibu na mwanga wa mshumaa, anamtazama funza aliyemo kwenye spiriti. Nikasema, huyu ndiye. Baada ya hapo ukawa unamtafuta. Kwa muda mrefu hayupo, na akiwepo hana kazi kubwa ya kufanya. Ameshaacha ukuu wa ofisi ya uchunguzi wa vifo ya Virginia, anaishi Florida. Hilo silipingi hata kidogo. Watu wanahama, wanapoteza vyeo, wanazeeka, na mfululizo wa miaka mingi lazima uonyeshe hivyo. Ningemfuata popote alikohamia, mradi anisimulie mwenyewe.

Ila kubadilisha msimulizi ningeweza kukuzoea. Kilichonishinda ni Benton.

Benton alikufa kwenye moto katika Point of Origin, mwaka 1998. Tulishamzika. Black Notice, kilichofuata, kinaanza na barua aliyoiandika mapema ili Scarpetta apewe baada ya kifo chake, na sidhani kuna kurasa nyingi katika riwaya za aina hii zinazojua msiba kama zile. Katika The Last Precinct Scarpetta anakaa nyumbani kwa rafiki yake Anna, daktari wa akili, na mazungumzo yao kuhusu huzuni, hasira, na aibu ya kuendelea kuishi, kwangu ndiyo kilele cha mfululizo mzima. Nilivisoma vitabu hivyo viwili kipindi ambacho nyumbani kwetu tulikuwa tumetoka kwenye arobaini ya baba. Walioniletea chai na maneno ya faraja nawashukuru, lakini mwanamke huyu wa kubuni wa Richmond ndiye aliyesema nilichokuwa nashindwa kusema.

Halafu unafungua Blow Fly, na mapema kabisa Marino anapanda ngazi huko Boston kwenda kumwona Benton. Yuko hai, kwa jina jingine. Kifo kilipangwa. Marino alijua.

Angalia tulipowekwa sisi wasomaji. Scarpetta hajui, na hatajua mpaka mwisho kabisa wa kitabu. Sisi tunajua tangu mwanzo. Kwa vitabu kumi na moja tulikaa ndani ya kichwa chake, na siku ya kudanganywa kwake tumehamishiwa upande wa wanaomdanganya. Kurasa zote za katikati ninamtazama akiendelea na maisha yake, nami nina siri yake mkononi wala siwezi kumpa. Hapo ndipo mabadiliko ya msimulizi yanapoacha kuwa jambo la ufundi. "Mimi" angebaki, hila hii isingewezekana. Nahisi "mimi" aliondolewa ili hila hii iwezekane, na hiyo ni bei kubwa mno. Na wakikutana mwishoni, mkutano wenyewe ni mfupi. Miaka ya kulia ya mwanamke mzima imepewa kurasa chache. Nilirudi nyuma kuangalia kama nakala yangu imechanwa. Haikuchanwa.

Nilibishana sana kuhusu hili na mwalimu mmoja mstaafu anayeishi Kikuyu, hapa hapa Dodoma, ambaye tunaazimana vitabu. Yeye alikisoma kabla yangu na alikaa kimya hadi nilipomaliza.

"Mwalimu, mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia ungekisoma? Nilitaka tulie wawili, mwanangu."

Hoja yake ya kukitetea kitabu ilikuwa Sherlock Holmes. Conan Doyle alimuua mwaka 1893 kwenye maporomoko ya Reichenbach kule Uswisi, wasomaji wakaja juu, na mwaka 1903 akamrudisha katika simulizi ya nyumba tupu. Hakuna aliyelalamika, watu walishangilia. Watson, rafiki yake anayesimulia, naye alidanganywa miaka yote hiyo, na kaka yake Holmes alijua. Kwa nini Doyle asamehewe na Cornwell asisamehewe?

Nimelifikiria, na jibu langu halijabadilika. Maiti ya Holmes haikuonekana, kwa hiyo mlango ulikuwa haujafungwa. Kubwa zaidi, Watson bado ndiye anayesimulia. Holmes anavua mavazi ya bandia mbele yake, Watson anazimia, nasi tunazimia naye kwa sababu tulikuwa hatujui, kama yeye. Hakuna aliyetuonjesha siri kabla yake. Doyle alimfufua mhusika lakini hakumwacha msimulizi peke yake gizani. Mwalimu alikubali nusu. Nusu nyingine anasema mapenzi hayana kanuni, na yeye alifurahi kumwona Benton. Nami namheshimu.

Kuna la Lucy pia. Katika Postmortem ana miaka kumi, mtoto mpweke anayechezea kompyuta ya mama yake mkubwa, Scarpetta. Katika Blow Fly yeye na mwenzake wanamuua mtu hotelini Poland na kupanga chumba ionekane amejiua. Aliyeuawa ni mwovu, sawa. Lakini mfululizo huu umejengwa juu ya mwanamke anayesoma chumba cha kifo kwa uaminifu, anayekataa kifo kisemwe kilivyokuwa sivyo. Mtoto aliyemlea anakighushi, na kitabu kinapita haraka kama vile si neno. Nilingoja Scarpetta alikute tendo hilo, alisome kama anavyosoma mengine, aumie. Hapa ndipo palipokuwa na riwaya kubwa, na imeachwa mlangoni.

Sifa zake nazitoa pia. Sehemu za gereza la Texas zinatisha kweli. Chandonne amefungiwa peke yake na bado watu wanaishi kwa kumwogopa. Cornwell alipopata uhuru wa kuingia kichwani mwake aliutumia vizuri. Kitabu kinakwenda mbio: nilikianza treni ya SGR ikitoka Dar, na tulipoingia Morogoro nilikuwa nimemeza sehemu kubwa. Anayetaka msisimko wa safari tu, na hajawahi kukaa jikoni kwa Scarpetta, atalipwa fedha yake.

Cornwell aliandika sita kwa mtindo huo, kuanzia hiki hadi The Scarpetta Factor cha mwaka 2009. Mwaka 2010, katika Port Mortuary, alimrudishia Scarpetta usimulizi. Niliposoma ukurasa wa kwanza na kukuta "mimi" nilikaa kitako kitandani nikausoma tena kwa sauti. Benton sasa ni mume wake. Wanaishi vizuri, wanapika, wanabishana kazi. Mimi kila anapoingia chumbani namwona yule wa Boston aliyemwacha mwenzake avae msiba wake.

Kwa anayetaka kununua: nakala yangu ya jalada laini niliipata kwenye mitumba ya vitabu pale Sabasaba kwa shilingi elfu tano. Herufi ni ndogo, na gundi ya mgongoni imekauka; upepo wa huku kwetu hauvihurumii vitabu vya namna hii, vifungie kabatini. Mpangilio ninaoupendekeza ni Postmortem, kisha vinavyofuata kwa mfuatano hadi The Last Precinct, halafu pumzika. Ukitaka kuendelea, ruka hadi Port Mortuary. Utapotea kidogo kuhusu nani kahamia wapi, lakini utaelewa. Baadhi ya vile vya katikati, Trace na Predator, ninavyo, na niko tayari kubadilishana. Ninachokosa ni Cruel and Unusual, kile kilichoshinda tuzo ya Gold Dagger mwaka 1993. Mwenye nacho, hata kama jalada limetoka, tukutane Nyerere Square Jumamosi yoyote jioni.